Kilio cha Kuazima

Mwaka ule vita vya Bama vilikuwa vinaelekea ukingoni, ila sisi huku milimani hatukujua kama vinaelekea ukingoni. Tulichojua ni kwamba nguo Lushoto hazipatikani, sukari haipatikani, na maziwa yangu mimi yamekata.

Mussa wangu alikuwa bado hajaota jino. Alizaliwa mtoto mzito, ukimfunga mgongoni unamsikia kama debe la maji. Halafu akaanza kuwa mwepesi. Hakuna aliyeniambia, mgongo wangu ndio uliniambia. Asubuhi namfunga kwa kaniki, napanda zangu shambani, na nikifika nusu ya mlima napeleka mkono nyuma kumpapasa, nihakikishe kwamba yumo.

Tulikuwa tunaishi watatu: mimi, huyo mtoto, na mama mkwe wangu Zainabu, ambaye watu wote walimwita Mama Kibwana. Kibwana ndiye mwanawe wa pekee, na ndiye mume wangu. Alichukuliwa jeshini na Waingereza, akapelekwa huko Bama, ng'ambo ya bahari, kabla mimi mwenyewe sijajua kuwa nina mimba. Kijiji chetu kilikuwa bondeni, na juu yetu ukivuka mto mdogo unapanda kwenda Magamba, kwenye msitu.

Mama mkwe alikuwa fundi wa vitendawili. Jioni, mahindi yakiwa motoni, anakaa kwenye kigoda chake anasema, "Kitendawili!" Hata kama nimechoka vipi nitaitika, "Tega!" Ukishindwa anataka mji. Nimempa Tanga, nimempa Korogwe, nimempa Bungu na Mtae, na kila mji anaeleza alivyokwenda na vyakula alivyokula huko, hadi mate yanakutoka. Hakuwahi kufika hata Korogwe. Kuipenda michezo hiyo niliambukizwa naye, na hadi leo sijapona.

Basi siku moja akaja Issa.

Issa alikuwa kijana wa bonde la chini, aliyekwenda vitani pamoja na Kibwana. Walimrudisha na mguu mmoja mbovu. Alikaa uani kwetu, mama mkwe akampa uji, akawa anauzungusha tu kwenye kata bila kunywa.

"Tulivuka mto, mama," akasema. "Mto mkubwa. Tulipofika ng'ambo nikamtafuta Kibwana. Sikumwona."

"Hukumwona," akasema mama mkwe.

"Sikumwona, mama. Wengi hatukuwaona."

"Basi hukumwona. Na mimi tangu asubuhi sijamwona mbuzi wangu mweusi. Amekufa?"

"Hapana, mama."

"Kunywa uji wako, baba. Unapoa."

Alipoondoka, mama mkwe alichukua ufagio akafagia pale alipokuwa amekaa Issa. Akafagia, akafagia, hata udongo ukaanza kutoka. Kisha akaniita.

"Zuhura."

"Abee, mama."

"Nyumbani kwangu halii mtu. Umesikia? Kumlilia mtu ambaye maiti yake haijaonekana ni kumchimbia kaburi. Ukidondosha chozi moja tu hapa, mwanangu atalala huko huko aliko. Umenielewa?"

"Nimeelewa, mama."

Na kweli nilielewa. Kwetu tuliyaamini hayo. Bibi zangu waliyaamini, na mimi nilimpenda Kibwana, nisingependa nimuue kwa machozi. Kwa hiyo sikulia.

Kutolia ni kazi, nawaambia. Nimelima mashamba ya mteremko ambapo ukidondosha kiazi unakifuata bondeni. Nimebeba kuni za mvua kutoka msituni. Hakuna kazi iliyonichosha kama ile. Unaamka nayo, unashinda nayo, unalala nayo, ila kulala kwenyewe hulali. Koo lilikuwa limekaba kama nimemeza kipande cha muhogo mbichi kikakataa kushuka. Kichwa kiliniuma upande mmoja, wiki nenda wiki rudi. Pumzi nilikuwa navuta nusu. Nikitaka kuivuta yote inakwama kifuani, naiachia. Macho yalikuwa makavu, yanakwaruza kama yametiwa majivu.

Mama mkwe naye alinichunga. Kuni zikitoa moshi ananitazama.

"Ni moshi huo?"

"Ni moshi, mama."

"Toka nje basi."

Vitunguu vilihama jikoni kwetu. Nilikuwa navipeleka kwa jirani yetu Rahabu anikatie, narudi navyo kwenye bakuli. Rahabu alikuwa mcheshi, mdomo haujui lango. "Siku hizi umekuwa mke wa Bwana DC," anasema, "una mpishi wako wa vitunguu!" Nami nacheka kidogo, maana kucheka hakukukatazwa. Ila hata kicheko kilikuwa kinatoka nusu. Nilikuja kugundua kwamba vyote vinapita mlango mmoja.

Na vitendawili vikakoma. Jioni tunakaa mimi na yeye tunatazama moto, mahindi yanaungua hakuna wa kuyageuza.

Ndipo maziwa yakakata. Yaani hayakwisha, na hilo ndilo lililotushangaza. Matiti yalijaa, yakawa magumu kama mawe ya mtoni, yanauma hata kaniki ikigusa. Mtoto anashika, anavuta, anavuta, hapati. Anaachia analia. Anashika tena. Yeye alilia kwa niaba ya nyumba nzima, maana mtoto hana sheria.

Mama mkwe hakulala. Alinipikia uji wa mtama, akanitwangia karanga, akanichumia majani ya maboga. Alinikanda kwa mafuta ya mbarika yaliyopashwa moto, mikono yake ya jembe inakwaruza, nami nimeuma khanga. Alisema ni kijicho, akanifungia hirizi. Hirizi ikashindwa. Tukashuka Lushoto kwa dresa, akanipima, akasema sina homa, nipumzike, ninywe maji mengi. Nikayanywa. Yaliingia, hayakutoka kule tulikotaka yatoke. Tukajaribu maziwa ya ng'ombe tumeyachanganya na maji, Mussa akaharisha hadi macho yakaingia ndani. Rahabu alimnyonyesha alipoweza, lakini mtoto wake mwenyewe alishaanza kula ugali, na maziwa yake yalikuwa yanamalizikia.

Siku ambayo Mussa aliacha kulia ndiyo siku niliyoogopa. Alishika titi akaliachia, akanitazama tu, amechoka kama mzee.

Rahabu alikuwepo. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, kisha akamgeukia mama mkwe. Siku hiyo hakuwa na mzaha.

"Mama Kibwana, nisamehe mimi mdogo wako. Huyu binti ana maziwa. Amejifunga. Mtu aliyekaza koo hivi atalegeza titi? Mwache alie."

"Unataka nimzike mwanangu, Rahabu?"

"Sitaki umzike mtu. Lakini kaa hivyo hivyo, utamzika mjukuu."

Mama mkwe alisimama. Nilidhani atamfukuza. Alichukua jembe lake akatoka, jua linakaribia kuzama, akaenda shambani ambako hakukuwa na kazi yoyote, maana tulishamaliza kupalilia. Alirudi udongo umemjaa magotini. Hakula.

Asubuhi nilimkuta uani anapakia maharage kwenye kikapu.

"Jifunge vizuri," akasema. "Mbebe mtoto. Tunakwenda msibani."

"Msiba wa nani, mama?"

"Mama Yudith wa Magamba. Amefariki jana. Wamepita watu alfajiri wakasema."

"Mama Yudith yupi?"

"Yule mfinyanzi. Aliyeniuzia chungu."

"Kile chungu cha mboga?"

"Kwani ninacho kingine?"

Chungu kile alikinunua kabla mimi sijaolewa pale. Lakini msiba ni msiba, na mkwe hahojiwi. Tukaondoka.

Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Tulipanda polepole, yeye mbele na kikapu kichwani, mimi nyuma na mtoto ambaye hakuwa na uzito. Tulipovuka mto, alisimama ghafla katikati ya njia, bila kugeuka.

"Kitendawili," akasema.

Tangu Issa aje sikuwa nimelisikia neno hilo.

"Tega, mama."

"Nina mgeni. Ukimfungulia mlango, anakufagilia nyumba, anakwenda zake. Ukimfungia, anabomoa ukuta."

Nikafikiri huku natembea. Nikasema upepo, akasema siyo. Nikasema moshi. Siyo. Nikasema maji ya mvua, akasema, "Unakaribia, lakini siyo." Kichwa kinaniuma, pumzi nusu nusu, mlima mkali.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Nilifungua mdomo niseme Tanga. Wallahi nilitaka kusema Tanga. Neno lililotoka lilikuwa, "Bama."

Kikapu kichwani kiliyumba kidogo, akakishika.

"Mji huo siutaki. Nipe mwingine."

"Sina mwingine, mama."

Akaanza kutembea, jibu hakulitoa. Ndiyo mara pekee maishani mwake niliyomwona akiacha kitendawili njiani.

Tulisikia nyimbo kabla hatujaiona nyumba. Walikuwa Walutheri, wameketi kwenye majani ya migomba uani, wanaimba taratibu. Nje ya uzio wa nyumba mama mkwe alitua kikapu, akanivuta kando.

"Nisikilize. Hapa si kwangu. Hapa kuna maiti, imeonekana, haina ubishi. Ile sheria yangu imeishia kule mtoni. Umenielewa?"

"Sijaelewa, mama."

"Lia," akasema. "Humlilii mtu wangu. Unamlilia Mama Yudith. Lia unavyotaka."

"Simjui Mama Yudith, mama."

"Umekula chungu chake miaka miwili! Ingia."

Tukaingia. Watu wakatupokea. "Onga mshi," wakatusalimu kwa Kisambaa, nasi tukaitikia. Tukaketi na wanawake. Nikajaribu, na aibu ilioje, sikuweza. Nilikaa pale nimekodoa macho makavu, watu wanalia kidogo kidogo, kilio cha kumlilia mtu aliyeishi hadi watoto wake wakaota mvi. Vyungu vyake vilikuwa vimepangwa barazani, kimoja hakijachomwa, alama za vidole vyake zimekaa ubavuni. Nilivitazama nikajilazimisha. Wapi. Mama mkwe alinigusa kwa kiwiko, kama mtu anayemhimiza mtoto asalimie wageni.

Kisha akaja binti wa marehemu, Selina, mama mtu mzima, macho mekundu, anapita akiwashika wageni mikono. Alimshika mama mkwe. Akanifikia mimi. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, yenye joto, akasema, "Pole, mdogo wangu."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia pole. Mnaelewa? Tangu Issa aondoke, watu wote kijijini walijua, na hakuna aliyethubutu, kwa sababu ukiniambia pole umeshasema kuwa amekufa. Walikuwa wakinikuta njiani wananiuliza habari za viazi. Na huyu mama mgeni, aliyefiwa yeye, ananiambia mimi pole.

Nilisikia kitu kinapasuka kooni. Sikujua kuwa nina sauti ya namna ile. Nililia hadi nikainama, paji la uso likagusa majani ya migomba. Nililia na mabega, nililia na tumbo. Nilimlilia Kibwana na mto wake mkubwa, nikalilia mguu wa Issa, nikalilia mtoto, nikalilia vitunguu vyangu. Nyimbo zikapungua. Nikasikia mtu ananong'ona nyuma, na nikaja kujua kuwa ni Dina, binti mdogo wa marehemu.

"Huyu ni nani?"

"Sijui. Anatoka bondeni."

"Mbona analia kutushinda sisi wenye mama?"

"Labda marehemu alimlea."

Nikamsikia mama mkwe wangu, kwa sauti ya heshima kabisa: "Alimpenda sana. Walikuwa na habari zao za vyungu."

Hata kwenye kilio kile nusura nicheke. Na kumbe nilicheka, kilio na kicheko vikatoka pamoja, na pumzi ikaingia kifuani yote, hadi chini, mara ya kwanza tangu kiangazi.

Kisha nikasikia joto. Nikatazama chini. Kaniki ilikuwa imelowa kifuani, pande zote mbili, inadondosha. Nilidhani ni machozi, nikaona hapana, machozi hayawi meupe.

"Mama," nikasema. "Mama, tazama."

Alinifungua kaniki mgongoni upesi upesi, akamtoa Mussa, akaniwekea. Mtoto alishika. Akavuta mara moja, maziwa yakamjaa kinywani, akapaliwa, akakohoa, akakasirika, akashika tena kwa nguvu za mtu anayedai haki yake. Wanawake walinizunguka. Selina aliketi karibu yangu, akamtazama mtoto anavyokunywa, akanitazama machoni. Sijui alielewa nini.

"Lia tu, mdogo wangu," akasema. "Hata mimi hapa simlilii mama peke yake. Mwaka juzi nilizika mtoto, watu wakaniambia nijikaze."

Nikalia tena, lakini sasa kilikuwa kilio cha pole, kama mvua inayobaki baada ya radi. Mussa alikunywa hadi akalala na titi mdomoni. Kichwa changu kikafunguka. Ghafla nikaona njaa, nikapewa bada, ugali wetu wa muhogo, na maharage, pengine yale yale yetu, nikala kama mkulima. Kisha nikaegemea ukuta nikalala, mchana kweupe, kwenye msiba wa watu. Mama mkwe alinifunika.

Alikuwa amekaa pale muda wote, mgongo umenyooka, macho makavu.

Baada ya mazishi tulianza kuteremka. Kuchoka kwangu kulikuwa kumebadilika. Kulikuwa kuchoka kwa mtu aliyemaliza kazi. Mama mkwe alitangulia na kikapu kitupu, na nilimwona kwa nyuma jinsi alivyotembea, kama kikapu kingali kimejaa mawe.

Tulipofika mtoni hakuvuka. Aliketi kwenye jiwe.

"Kile kitendawili changu," akasema, "hukukitegua."

"Nilikupa mji, mama."

"Ulinipa Bama."

"Ndiyo, mama."

Akatazama maji. "Basi nimeupokea. Nimekwenda Bama. Nimefika mchana, mvua inanyesha. Nimemkuta mwanangu amekaa kando ya mto, viatu vya jeshi amevivua, miguu imemvimba. Nikamwambia, Kibwana, hujala wewe. Nikampa bada. Nikampa na maharage. Akala yote, akalamba na vidole, tabia yake. Nikamwambia una mtoto wa kiume, ana masikio yako hayo ya popo. Akacheka. Nikaona ana baridi, nikamvulia shuka langu nikamfunika. Nikamfunika na miguu. Nikamwambia..."

Hapo akakwama. Aliutazama mto, akatazama ng'ambo ya pili, upande wa nyumbani. Sisi bado tulikuwa upande wa Magamba. Akavuta shuka lake akajifunika uso, na mabega yakaanza kutikisika. Mwanzoni hapakuwa na sauti. Kisha ikaja.

Nikaketi kando yake, Mussa mapajani.

"Pole, mama," nikasema. "Pole sana."

Alilia hadi ukungu ukarudi kwenye migomba. Mwisho akateka maji kwa viganja, akanawa uso, akapenga kamasi.

"Haya. Mgeni ni nani?"

"Machozi, mama."

"Umechelewa. Mji wako nimeshautumia."

Akavuka. Alipokanyaga upande wetu tu akauliza kama kuku nimewafungia.

Kibwana hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha maiti yake. Nyumbani kwake mama mkwe hakulia, wala mimi sikulia; sheria aliishika hadi anazikwa, na siku hiyo ndipo nilipolia uani pale kwa mara ya kwanza. Lakini enzi za uhai wake, ikisikika habari ya msiba ng'ambo ya mto, iwe Magamba, iwe mbali zaidi, wa Mwislamu au wa Mkristo, ndiye wa kwanza kufunga kikapu. Watu walisema Mama Kibwana ana huruma, jamani, hakosi kilio cha mtu. Anatangulia yeye na maharage, nafuata mimi na Mussa mgongoni, na kila msiba nilimsikia mtoto amezidi kuwa mzito, hadi nikawa nasimama njiani, nakaa kwenye jiwe, nimechoka, namshusha kwanza nipumzike kwa uzito wake.